Mgonjwa wa Baba

Baba yangu alikaa na mbwa yule miaka mingi na hakuwahi kumpa jina. Ukimuuliza mbwa wako anaitwa nani, anakujibu, "Mbwa." Ukicheka, anakuuliza na kuku wa kwenu wanaitwa kina nani. Hakumfuga kwa mapenzi. Baba ni mchongaji, na uani kwake Mtoni alikuwa na magogo ya mpingo, na wezi wa Mtoni wakishajua una mpingo hawakuachi ulale. Kwa hiyo mchana mbwa anafungiwa kwenye banda la mabati, jioni anafunguliwa, alfajiri anarudi bandani mwenyewe bila kuambiwa. Na miaka yote hiyo baba hakumgusa hata kwa kidole. Sisi ni Waislamu wa kusini, na mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Baba alikuwa na fimbo. Akitaka mbwa asogee anamgusa nayo ubavuni, taratibu, na mbwa anasogea.

Mie ni mtu wa saluni. Nashinda nimesimama nyuma ya vichwa vya watu nikisema, na nikikasirika nasema zaidi. Kwa hiyo msishangae nikisema wazi: tangu mama alipofariki, jambo nililolitaka kuliko yote duniani ni baba aje akae kwangu, Mbezi Beach. Chumba nilikiandaa. Nikaweka kitanda, nikatundika chandarua, nikanunua kiti kisichomuumiza mgongo. Kiti kikakaa miezi na miezi, watoto wakawa wanakirundikia nguo za kufua, mie nazitoa, wao wanarundika. Kila nikipita mlangoni pa chumba kile nachungulia. Nilikuwa namhitaji baba yangu, basi. Mtu mzima na watoto wangu, lakini nilimhitaji.

Nikimwambia njoo, ananijibu, "Mbwa nimwache na nani?"

Na mie nilijua kwamba mbwa ni kisingizio. Baba hawezi kwenda kukaa kwa mkwe. Kwao mwanamume anayehamia kwa mume wa binti yake amekwisha, ni mtu asiyekuwa na kwake, anayengoja kupakuliwa. Atakuja kusalimia, atakaa ukingoni mwa kochi na kofia yake, atakunywa chai nusu kikombe, na kabla ya adhuhuri keshaaga. Mume wangu mpole wa watu alishamwambia mara ngapi, "Baba, hapa ni kwako." Baba anajibu, "Ahsante, mwanangu," na anavaa viatu.

Sasa siku moja asubuhi akanipigia simu. Simu za baba hazina salamu ndefu.

"Mbwa hajala."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Na pua inatoka damu."

Nikaacha saluni nikaenda. Nilipofika nikakuta uani pamejaa. Mtoni mbwa akiugua kila mtu ni daktari. Jirani wa kushoto alishasema amelishwa sumu na wezi, kwa hiyo wamemnywesha maziwa, maziwa yenyewe yamemwagika shingoni yameganda. Jirani wa kulia alimshika sikio akaona la moto, akasema hii ni malaria, homa ni homa, na wamempa vidonge vya mseto alivyobakiza mkewe. Na kabla ya hao wote baba mwenyewe alikuwa ameona kupe, akaenda gereji akaomba oili chafu ya magari, akafunga rungu la matambara mwishoni mwa fimbo akampaka kuanzia kichwani hadi mkiani. Mnyama amelala pale, mweusi, ananuka injini, damu inamtoka puani tone moja moja.

Loh! Nilipiga kelele siku ile mpaka wapita njia wakachungulia. "Mbwa amepakwa oili, amenyweshwa maziwa, amepewa mseto! Bado nini? Bado kumpeleka kwa mganga!"

Jirani wa kulia akasema kwa upole, "Hilo pia tulikuwa tunalifikiria, dada."

Baba alikuwa amechuchumaa karibu na mbwa kuliko nilivyowahi kumwona, na fimbo ilikuwa imelala chini.

Nikampigia mume wangu. Nikamwambia nimekuja na gari, nataka kumbeba mbwa wa baba, kuna daktari wa mifugo kule kwetu Mbezi.

"Mbwa?" akasema. "Ndani ya geti langu?"

"Na baba," nikamwambia.

Akasema, "Basi waje wote."

Tukatandika turubai nyuma ya gari, majirani wakambeba mbwa kwa gunia, wameshika pembe nne. Baba akakaa kiti cha nyuma, akageuza shingo njia nzima anamtazama. Nilikuwa nazungumza, unajua mie, naongea foleni nzima, kumbe hakuna anayenisikiliza.

Daktari alikuwa dada wa bara, kijana, mwenye mikono ya haraka. Akamwamkia baba shikamoo, akauliza mgonjwa anaitwa nani.

"Mbwa," baba akasema.

"Sawa mzee. Mbwa." Wala hakucheka. Akavaa glovu, akamfunua mdomo wa juu, akaniita. "Njoo uone, dada. Ufizi huu ulitakiwa uwe na rangi ya waridi. Unauonaje?"

Ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, kama unga uliolowana. Akamgeuza masikio, ndani mle kupe wamejipanga, wengine wamevimba. Katikati ya vidole vya miguu, kupe. Akasema ni homa ya kupe, wanamwingizia vijidudu vya damu, damu inapungua, mwisho hata pua inavuja. Oili ile, akasema, haikuwafikia kupe wa masikioni, ila imemchoma ngozi, na mbwa anajilamba, kwa hiyo kila alichopakwa kimeingia tumboni. Na dawa za watu wasimpe tena, maana hata kidonge cha kawaida cha kichwa kinaweza kumuua mbwa.

"Kwa hiyo si malaria," nikamwambia baba, kwa kusudi.

Daktari akasema, "Mbwa hapati malaria yetu. Ila hii yake nayo ni ya damu, inaletwa na kupe badala ya mbu."

Baba akanigeukia. "Si ndiyo hiyo hiyo!" akasema, na akarudi kumtazama mgonjwa wake akiwa ameshinda.

Akachomwa sindano, akatundikiwa dripu. Halafu daktari akatuambia mambo mawili ambayo, sitaki kusema uongo, niliyapokea kama zawadi. La kwanza, vidonge, asubuhi na jioni baada ya chakula, mwezi mzima, wala tusiruke hata siku moja tukiona mbwa amechangamka. La pili, mbwa asirudi kwenye banda lile mpaka lipuliziwe dawa, maana kupe wanataga kwenye nyufa na kwenye mabati, wanamngoja.

Mwezi mzima! Nikamtazama baba.

"Nitakuja kila siku kumpa," akasema baba.

"Kutoka Mtoni? Asubuhi na jioni?"

Akafikiri. Akafikiri sana. Mwisho akasema, "Sijaja kukaa. Nimekuja kuuguza."

"Nani amesema umekuja kukaa?" nikasema, na nikageukia ukutani ili asinione uso.

Kwa hiyo baba yangu akaingia kwangu kwa mlango wa mbwa. Mbwa akapewa kivuli kando ya tangi la maji, mbali na nyumba ili malaika wetu wasipate taabu. Baba akarudi Mtoni mara moja kuchukua vitu vyake na kuwakabidhi majirani magogo, akaja akakaa kwenye kile kiti. Nguo za watoto zikahamia kwingine siku hiyo hiyo.

Ila kidonge sasa. Siku ya kwanza tukakificha kwenye utumbo. Mbwa akala utumbo wote, akakitema kidonge, kimesafishwa. Tukakificha kwenye dagaa, vile vile. Daktari alishatuonyesha: unamfunua mdomo, unakiweka nyuma kabisa mwanzo wa ulimi, unafumba mdomo, unampapasa koo mpaka ameze. Mume wangu akasema yeye ana mzio, mzio ambao nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza. Mie nilijaribu na glovu, mbwa akaningurumia, nikakimbia mpaka jikoni. Baba akavaa glovu. Mbwa akainusa ile mipira, akageuza kichwa, akafumba meno.

Baba akazivua. Akasimama pale, mikono mitupu, anaitazama. Mikono ile imeshika patasi na nyundo tangu ujana, imeshika msahafu, imemwosha mama yangu maji ya mwisho ikisaidiana na shangazi zangu. Haikuwahi kumshika mbwa. Kisha akapandisha mkono wa shati, akasema bismillahi, akachuchumaa, akamshika mbwa wake taya.

Mbwa akamtazama tu. Akafungua mdomo mwenyewe, jamani. Baba akaingiza vidole mpaka ndani, akatoa, akamfumba, akaanza kumpapasa koo. Na kidonge kilishamezwa zamani, lakini baba aliendelea kupapasa.

Halafu akaenda kwenye bomba akaosha, mara saba, na mara ya kwanza kwa udongo aliokuja nao kwenye kopo kutoka Mtoni. Nikamwambia, baba, hata Mbezi kuna udongo. Akasema wa kwangu una chumvi.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi kidonge, udongo, maji, chai. Halafu anakaa kando ya tangi anachonga, alikuja na gogo dogo na zana zake kwenye mfuko wa rambo, na mie nikitoka kwenda saluni nasikia nyundo yake nyuma yangu mpaka nakata kona. Jioni kidonge, udongo, maji, swala, chakula. Nikampikia ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, nikampikia kisamvu cha nazi. Alianza kula ukingoni mwa mkeka, siku chache baadaye katikati, na ilifika siku akamwambia mume wangu, "Sogea, mwanangu, nipitishe mguu." Mume wangu akasogea, akanikonyeza.

Na alizungumza. Baba ambaye simu yake ni maneno mawili! Jioni moja akanisimulia kwamba mama alikuwa anampa mbwa ukoko wa wali, kila siku, mlangoni pa jiko. Mama alipofariki mbwa alikuwa akifunguliwa jioni anakwenda kwanza kukaa mlangoni pale, anasubiri.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Siku nyingi."

"Na wewe je, baba?"

"Mie nilikuwa namtazama anavyosubiri," akasema.

Nilimwongezea chai ambayo hakuiomba.

Mbwa naye akawa anapona. Ufizi ukarudi rangi, nauangalia kila asubuhi kabla ya kazi. Manyoya yakaota pale palipochomwa na oili. Akaanza kuwabwekea wauza maji. Kila mtu anafurahi, mie nafurahi nusu. Mpuliza dawa wa banda kule Mtoni nilimwambia asiwe na haraka, afanye wiki atakayopata nafasi. Mwezi ulipokaribia kwisha nilikuwa naamka nikimtazama mbwa kwa jicho la mtu anayetafuta chochote, hata kikohozi.

Tukarudi kwa daktari. Akapima damu, akamfunua mdomo, akampigapiga mgongoni kwa furaha. "Mzee, umeuguza vizuri. Amepona. Akipata chanjo yake ya kichaa kila mwaka, na dawa ya minyoo, na ya kupe, huyu atazeeka na wewe."

"Hakuna dawa ya kumalizia?" nikauliza.

"Amemaliza, dada."

"Ya kuongeza nguvu? Hata ya wiki mbili?"

Daktari akanitazama, akamtazama baba. Akasema polepole, "Mbwa mzima hapewi dawa, dada yangu."

Siku ile ile baba akafunga mfuko wake. Nikamwambia akae hata Ijumaa ipite. Akasema mgonjwa amepona, muuguzi anafanya nini tena. Nikawapeleka Mtoni, nikarudi peke yangu na turubai nyuma, na nilipofika sikuingia chumba kile kwa muda mrefu. Vipande vyeusi vya mpingo vilibaki kando ya tangi. Msichana wa kazi alitaka kufagia, nikamgombeza bure.

Haikupita wiki mbili, simu.

"Mbwa hajala."

Nikakimbia. Nafika, bakuli limelambwa linang'aa, mbwa ananitingishia mkia. "Baba! Huyu amekula!"

"Amekula ulipokuwa njiani."

Na jiko lina ming'oko, ya watu wawili.

Mie si mtoto. Nilielewa mara hiyo hiyo, lakini sikusema, na ndiyo mara moja katika maisha yangu nimejua kufunga mdomo. Nikamfunua mbwa ufizi, nikamwangalia masikio, nikasema, "Kweli, namwona amechoka kidogo." Baba akasema, "Ndiyo nilivyomwona na mie." Nikakaa mpaka alasiri.

Tangu hapo mbwa wa baba aliugua magonjwa yote ya dunia. Mara anakohoa. Mara anajikuna sikio. Mara anatembelea miguu mitatu, mie nafika anakimbiza paka kwa minne. Mara meno yananuka, mara kucha ni ndefu, mara anahema sana kwa joto, mara anaburuza makalio chini na hiyo ilikuwa kweli, ilikuwa minyoo, tukampa dawa na baba akafurahi kupita kiasi kwa kuwa na mgonjwa halisi. Nami sikukawia kujifunza. Nikiona wiki mbili zimepita kimya, napiga mwenyewe: "Mgonjwa hajambo?" Anasema, "Njoo umwone mwenyewe." Hatukuwahi kuambiana zaidi ya hapo. Nilitaka kuambiwa zaidi ya hapo. Nilikuwa narudi Mbezi na mikono inanuka mbwa na ming'oko, na bado najisikia sijafika kwa baba yangu.

Mwaka huu mbwa alizeeka kweli. Macho yakaingia ukungu, akawa anarudi bandani kabla ya alfajiri. Saluni ilikuwa na kazi nyingi, harusi juu ya harusi. Ijumaa moja baba akapiga, mbwa anajikuna sikio. Nikamwambia ile dawa iko kwenye kabati, nitakuja. Wiki iliyofuata akapiga tena.

"Mbwa hajala."

Sauti ilikuwa ile ile. Sijui niseme ni nini kilichonifanya nimwache mteja na nusu ya kichwa haijasukwa, lakini nilimwacha.

Nilimkuta baba amekaa uani, hachongi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaenda bandani. Mlango uko wazi, ndani pamefagiliwa, bakuli limeoshwa limefunikwa.

"Baba, mgonjwa yuko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Nikaenda. Palikuwa na udongo ulioinuliwa, umepangiwa mawe, na ulishakauka, na majani madogo yalishaanza kuota juu yake. Nikarudi.

"Lini?"

"Usingizini tu. Uzee. Nimemzika mwenyewe."

"Nakuuliza lini, baba."

"Kabla ya ile Ijumaa ya sikio."

Nikahesabu. "Sasa sikio gani ulinipigia? Na leo unaniambia hajala! Nimeacha mtu na nywele kichwani nusu, nimekimbia mji mzima, hajala nani?"

Baba akaishika fimbo yake, akaiweka tena chini.

"Nilidhani mbwa akifa hutakuja tena," akasema.

Nilimgombeza. Mungu anisamehe, nilimgombeza baba yangu mzazi nikilia kwa sauti, majirani wa kushoto na kulia wote wakatoka. Nikamwambia mie ni mwanao, si daktari wa mbwa. Nikamwambia kiti kiko kule kinakungoja wewe, si mbwa. Nikamwambia miaka yote hii ninangoja useme neno moja, dogo, mwanangu njoo, basi, lingekuua?

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Midomo yake ikatikisika kidogo, kama anapima kitu kabla ya kukikata.

"Haya," akasema. "Njoo."

Nilikuwa nimesimama mbele yake.